Kompyuta katika maabara ya kemia: Msaada kwa mwanafunzi au kisingizio cha vyuo?

WAHITIMU wa kemia wa vyuo vikuu vya hapa nchini hukabidhiwa kazi ambazo kosa dogo linaweza kuwa na gharama kubwa. Wapo wanaopima dawa, vyakula na sumu katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wapo wanaokagua maji ya kunywa, wapo walioko viwandani na migodini, na wengine hurejea shuleni kufundisha watoto wa wenzao.

Kwa sababu hiyo, namna vijana hao wanavyofundishwa si suala la wahadhiri peke yao. Na suala hilo limepata sura mpya, kwani programu za kompyuta zinazoiga majaribio ya kemia, nyingi zikiwa za bure, sasa zinafunguka hata kwenye simu ya mkononi.

Ndani ya programu hizo mwanafunzi anaweza kuchanganya asidi na besi, kupandisha joto la gesi, kubadili umbo la molekuli na kurudia jaribio mara 20 bila kumaliza chupa hata moja ya kitendanishi. Anaweza pia kuona kile ambacho macho hayawezi kukiona katika maabara ya kweli, yaani chembe zenyewe zikigongana, zikishikana na kuachana.

Wanaozipigia debe programu hizo wanasema vitendanishi ni ghali, vifaa huvunjika, idadi ya wanafunzi ni kubwa na wahadhiri ni wachache, hivyo kompyuta itaziba pengo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba ina mlango wa nyuma, na mlango huo ni rahisi sana kupitika kwa chuo chenye bajeti finyu.

Mazingira ya Tanzania yanaufanya mlango huo uwe mpana zaidi. Kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne waliotoka katika shule zisizo na maabara walifanya mtihani mbadala wa vitendo, ambapo kijana alieleza kwa kalamu jaribio ambalo pengine hakuwahi kulishuhudia.

Mwaka 2012, Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijenge maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, wakuu wa wilaya walibanwa, na muda wa kukamilisha ukasogezwa mbele hadi mwaka 2015. Lakini jengo pekee si maabara. Linahitaji maji, gesi, vitendanishi, meza zisizoliwa na asidi na fundi sanifu anayejua nini kiko ndani ya kila chupa.

Matokeo yake ni kwamba katika darasa moja la mwaka wa kwanza chuoni hukaa pamoja kijana aliyeshika bureti tangu kidato cha pili na mwenzake aliyeijua kwa mchoro wa kitabuni. Wote wawili wamefaulu, na wote wawili wanajua kanuni kwa moyo. Tofauti yao haionekani kwenye cheti.

Hata hivyo, kujua kanuni kwa moyo si tatizo la Tanzania peke yake. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Susan Nurrenbern na Miles Pickering, walichapisha utafiti ambao bado unanukuliwa na walimu wa kemia. Waliwapa wanafunzi wa vyuo maswali ya aina mbili kuhusu gesi. Aina ya kwanza ilihitaji kuingiza tarakimu katika kanuni na kutoa jibu. Aina ya pili ilihitaji kuchagua picha.

Swali lao moja lilihusu tangi la chuma lililojaa gesi ya haidrojeni, ambalo joto lake linashushwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwanafunzi aliulizwa ni picha ipi inayoonyesha jinsi molekuli zitakavyokaa. Jibu sahihi ni kwamba zitaendelea kutapakaa tangi zima kama mwanzo, kwa sababu haidrojeni haigeuki kuwa kimiminika mpaka ipoe hadi karibu nyuzi 253 chini ya sifuri. Wengi walioweza kukokotoa maswali ya gesi bila shida walishindwa maswali ya picha kama hilo.

Kwa maneno mengine, mtu anaweza kupata alama nzuri katika somo la gesi bila kuwa na picha yoyote kichwani ya gesi ni kitu gani. Alex Johnstone, aliyekuwa mtaalamu wa ufundishaji wa kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alieleza chanzo cha hali hiyo mwaka 1991. Alisema kemia husimama juu ya ngazi tatu: ile inayoonekana kwa macho, kama rangi na mapovu, ile ya atomi na molekuli, na ile ya alama na milinganyo. Mhadhiri mzoefu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujitambua, huku mwanafunzi akibaki nyuma akinakili ubao.

Ngazi ya katikati ndiyo isiyoonekana, na ndipo programu za uigaji zinapopata nafasi yake halali.

Chukua suala la asidi. Katika Kiswahili maneno "asidi kali" hubeba maana mbili kwa pamoja. Asidi yaweza kuitwa kali kwa sababu imekolea, yaani ipo nyingi katika maji machache. Yaweza pia kuitwa kali kwa sababu molekuli zake karibu zote huvunjika ndani ya maji na kutoa ioni za haidrojeni. Kwa mkemia hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Asidi ya haidrokloriki hubaki kuwa ya aina hiyo ya pili hata ikizimuliwa kwa ndoo ya maji. Asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo ndani ya siki, hubaki dhaifu hata ikikolea.

Sasa weka bika mbili mezani. Ya kwanza ina asidi ya haidrokloriki ya moli 0.001 kwa lita, na ya pili ina asidi ya asetiki ya takriban moli 0.057 kwa lita. Ukitumbukiza kipimo cha pH, zote mbili zitasoma 3. Kwa kipimo hicho ni sawasawa. Mhadhiri anauliza darasa: iwapo bika hizi zina ujazo ule ule, ni ipi itakayohitaji besi nyingi zaidi hadi asidi yote iishe?

Mwanafunzi asiye na picha ya chembe kichwani atajibu upesi kwamba zitahitaji kiasi kimoja, kwa kuwa pH ni moja. Jibu hilo si sahihi. Bika ya asetiki itahitaji besi takriban mara 57 ya ile nyingine.

Sababu ni kwamba katika bika hiyo ni molekuli zisizofika mbili katika kila 100 zilizovunjika. Zilizobaki zimekaa kama akiba. Besi inapokomba ioni za haidrojeni zilizopo, molekuli nyingine huvunjika kujaza nafasi, na mchezo huo huendelea mpaka akiba yote iishe. Katika bika ya haidrokloriki hakuna akiba.

Jambo hili ni gumu kulionyesha kwa chaki, na maabara ya kawaida huonyesha ujazo wa besi tu bila kuonyesha akiba yenyewe. Kompyuta inaweza kuonyesha vyote kwa pamoja: kipimo cha pH, ujazo uliotumika na chembe zenyewe zikivunjika moja baada ya nyingine. Mwanafunzi anaweza kuongeza ukolevu bila kugusa nguvu ya asidi, kisha akabadili nguvu bila kugusa ukolevu, na akaona kwa nini wataalamu wanayatenganisha maneno hayo mawili.

Lakini hapa ndipo pa kuwa makini. Mhadhiri akiirusha picha hiyo ukutani kwa projekta na kuielezea kwa dakika kumi, wanafunzi watatikisa vichwa, watacheka kidogo na wataondoka na makosa yao yale yale. Hiyo ni sinema. Akiwataka kwanza kila mmoja aandike jibu lake, kisha abishane na jirani yake, kisha wajaribu wenyewe na waeleze kwa nini walikosea, hapo somo limebadilika. Programu ni ile ile.

Tofauti hiyo, kati ya kuonyeshwa na kutenda, ndiyo kiini cha kile kinachoitwa ujifunzaji shirikishi, na ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na madarasa shirikishi katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika mihadhara ya kawaida, wastani wa wanafunzi waliofeli ulikuwa asilimia 33.8. Katika madarasa shirikishi ulikuwa asilimia 21.8.

Kwa darasa la wanafunzi 300 hiyo ni tofauti ya watu 36. Kila mmoja wa hao, kama yuko Tanzania, huenda anasoma kwa mkopo wa serikali, na akikatishwa masomo deni linabaki na mzazi anabaki na maswali.

Ikumbukwe kwamba takwimu hizo ni za ushiriki wa mwanafunzi, si za kompyuta. Zilikusanya madarasa yaliyotumia kura za mikono, kazi za vikundi, karatasi za maswali na mengineyo. Anayezitumia kuhalalisha ununuzi wa kompyuta 200 anazisoma vibaya.

Kompyuta zenyewe si ngeni katika kazi hii. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, miaka ya 1970, wanafunzi wa kemia walikuwa tayari wanafanya majaribio ya kuigwa kupitia mfumo ulioitwa PLATO. Kilichobadilika ni bei na upatikanaji. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mradi wa PhET, ambao ulianza na fizikia na baadaye ukaingia kwenye kemia. Programu zake hutolewa bure, zimetafsiriwa katika lugha nyingi kikiwamo Kiswahili, na zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti.

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kuna mradi mwingine, ChemCollective, unaoongozwa na David Yaron. Maabara yake ya kompyuta ina rafu ya vitendanishi, na mwanafunzi ndiye anayeamua achukue nini, kiasi gani na kwa mpangilio upi. Waandaaji wake hawakuishia kwenye mazoezi makavu. Masomo yao ya kukokotoa viwango vya kemikali yalijengwa juu ya janga la kweli, lile la sumu ya aseniki katika maji ya visima vya Bangladesh.

Jambo hilo lingepaswa kuwavutia wahadhiri wa hapa nyumbani. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru na sehemu nyingine za kaskazini, maji yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya rangi ya kahawia na mifupa iliyopinda ni ushahidi unaotembea barabarani. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kuyachuja. Ni mkaa kiasi gani kwa ndoo ya lita 20, utachoka baada ya ndoo ngapi, na utajuaje kwamba umechoka? Hayo ni maswali ya kemia ya mwaka wa kwanza, na uigaji wake hauhitaji kusubiri mtu wa Pittsburgh auandike.

Swali linalobaki ni iwapo kompyuta inaweza kuchukua nafasi ya maabara yenyewe. Wanaojibu ndiyo hupenda kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Noah Finkelstein na wenzake wa Colorado. Wanafunzi waliojifunza saketi za umeme kwa programu walifanya vizuri kuliko waliotumia vifaa halisi, hata pale walipotakiwa kuunganisha saketi halisi.

Ni matokeo ya kushangaza na yanastahili heshima. Ila nyaya na balbu si bureti na asidi. Katika kemia sehemu kubwa ya ujuzi imo mikononi na puani: kusoma mstari wa kimiminika kwa jicho lililonyooka, kufunga koki kabla ya tone moja la ziada, kujua kwamba mvuke huu unapaswa kutoka ndani ya kabati lenye feni, kumimina asidi kwenye maji na si maji kwenye asidi. Programu haimchomi mtu. Hiyo ni sifa yake, na pia ni upungufu wake.

Aidha, programu haidanganyi kwa namna ambayo vifaa vya kweli hudanganya. Kitendanishi halisi huweza kuwa kimeharibika, mizani huweza kuwa haijasahihishwa, na maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke wake huweza kuwa na chumvi bado. Mkemia anayepima sumu katika mwili wa marehemu kwa ajili ya mahakama hulipwa kwa sababu anajua kutilia shaka matokeo yake mwenyewe. Shaka hiyo haifundishwi na kifaa ambacho daima kinasema kweli.

Picha nazo zina hila. Mwanafunzi huona atomi ya oksijeni ikiwa nyekundu na ya kaboni ikiwa nyeusi, akaamini kwamba ndivyo zilivyo. Huona chembe 20 zikielea, akasahau kwamba katika tone moja idadi haitajiki. Mara nyingi molekuli za maji hufichwa ili picha isijae, na kijana akadhani ioni zinaogelea katika utupu. Mambo hayo hurekebishwa na mwalimu aliye darasani anayeyajua, si na programu.

Kwa hiyo kinachoonekana ni kwamba mahali pa uigaji ni kabla ya maabara na baada yake. Mwanafunzi anayeingia maabara akiwa tayari amelifanya jaribio mara tatu kwenye simu, akaligundua kosa lake la bika mbili, atazitumia vizuri zile saa tatu alizonazo na zile mililita chache za kitendanishi anazogawiwa. Chuo kinachofuta maabara na kubakiza kompyuta kimeurudisha mtihani mbadala wa vitendo kwa jina jingine, safari hii ukiwa na rangi.

Vipo vikwazo ambavyo havihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa mjini: umeme, bei ya vifurushi vya intaneti, mwanafunzi ambaye simu yake imepasuka kioo. Vyuo viliviona vyote mwaka 2020, vilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya ugonjwa wa corona na kufunguliwa Juni mosi. Kupakua programu mara moja na kuzigawa kwa kadi ya kumbukumbu hupunguza tatizo. Lipo pia somo la Desemba 31, 2020, siku ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia teknolojia ya Flash. Programu nyingi za kufundishia zilizojengwa juu yake zilikufa siku chache baadaye, isipokuwa zile ambazo wenyewe walikuwa na fedha na watu wa kuziandika upya.

Kikwazo kikubwa zaidi hakitajwi mara kwa mara, nacho ni wanafunzi wenyewe. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika madarasa ya fizikia. Waliosoma kwa njia shirikishi walifaulu zaidi katika jaribio la mwisho wa kipindi, lakini walipoulizwa, walisema wanahisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi huutafsiri kuwa ni kutoelewa.

Katika vyuo ambavyo mhadhiri hupimwa kwa fomu zinazojazwa na wanafunzi mwisho wa muhula, hilo si jambo dogo. Mhadhiri kijana anayeuliza maswali badala ya kutoa nukuu anaweza kuandikwa kwamba "hafundishi". Mwenzake anayesoma kurasa zilizochakaa kwa sauti nzuri akapata alama za juu. Bila mkuu wa idara anayeelewa tofauti hiyo, yule wa kwanza atarudi kwenye nukuu ndani ya mwaka mmoja, na hakuna atakayemlaumu.

Mtihani nao una usemi wake. Mwanafunzi husoma kwa kuangalia karatasi za miaka iliyopita. Kama karatasi hizo zinadai kanuni na tarakimu, atakariri kanuni na tarakimu, hata kama maabara ya kompyuta ipo wazi usiku kucha. Swali la bika mbili linaweza kuandikwa kwa mistari minne na kusahihishwa kwa dakika mbili. Halihitaji kompyuta wala umeme, bali mtungaji aliye tayari kuona nusu ya darasa ikikosea mara ya kwanza.

Nafasi ya kufanya mabadiliko ipo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kama HEET, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 425, umekusudia pamoja na mambo mengine kujenga na kukarabati maabara katika vyuo vya umma na kupitia upya mitaala. Mitaala ya vyuo hupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na saa za vitendo huandikwa humo kwa tarakimu. La kutazamwa na wazazi, waajiri na wabunge ni iwapo saa za uigaji zitaandikwa katika mstari wake zenyewe, au zitahesabiwa ndani ya saa za maabara.